Miiba ya Zariba Bado Inatuchoma



Katika darasa letu la jioni tulikuwa tukisoma habari za utumwa wa Marekani. Kijana mmoja, kibarua wa zege, mwenyeji wa Bahr el Ghazal, aliinua mkono akauliza: "Mzee, hao wa Marekani tumewasikia. Na wa kwetu je? Nani aliwauza babu zetu, na faida ilikwenda kwa nani?"

Darasa zima lilinyamaza. Mimi si mwalimu. Nilimaliza darasa la nane katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na mengine nimejisomea usiku baada ya kazi. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Leo najaribu kumjibu katika ukurasa huu wa Kiswahili, kwa kuwa unasomwa na Mkongo, Mganda, Mkenya na Mtanzania wanaovuja jasho hapa Juba, na pia na sisi tuliorudi kutoka ukimbizini na Kiswahili chetu mdomoni. Swali la kijana yule linatuhusu sote.

Jibu langu ni hili. Utumwa haukuchukua watu tu na kwenda zao. Uliwagawa na wale waliobaki, na ulifanya hivyo kwa njia moja kubwa: uliwalipa maskini kwa mali na miili ya maskini wenzao. Minyororo imeondoka, lakini namna ile ya kulipana bado iko nasi kazini.

ZARIBA ILIKUWA KITU GANI

Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alituma jeshi lake kuiteka Sudan. Alitaka dhahabu, na alitaka watumwa wa kuwafanya askari. Kwa miaka mingi kinamasi kikubwa cha Mto Nile kilituzuilia njia. Lakini mwaka 1841 msafara wa merikebu za serikali ulifika Gondokoro, ng'ambo ya mto, karibu kabisa na mahali tunapofanya kazi leo. Njia ikawa imefunguka.

Nyuma ya serikali walikuja wafanyabiashara. Walikuwamo Wazungu, Waturuki, Wamisri, Wasiria na watu wa Sudan ya Kaskazini. Mwanzoni walifuata pembe za ndovu. Walijenga vituo vilivyozungushiwa boma la miiba, na vituo hivyo viliitwa zariba, neno ambalo kwa Kiarabu ni zizi la mifugo. Humo waliweka bunduki, shanga, pembe, na baadaye watu. Kufikia miaka ya 1860 nchi ya Bahr el Ghazal ilikuwa imejaa zariba. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea Mjerumani, alipita huko kati ya 1869 na 1871, akaandika kwa kirefu namna vituo hivyo vilivyokula chakula cha wananchi na kuwageuza majirani kuwa wapagazi na mateka. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Zubeir Rahma Mansur, mfanyabiashara wa Kaskazini, ambaye mwaka 1873 alifanywa na Misri kuwa gavana wa Bahr el Ghazal. Mji wa Deim Zubeir mpaka leo unabeba jina lake.

Ndugu zangu, angalieni sana jambo moja: je, watumishi wenye bunduki ndani ya zariba walikuwa nani, na walilipwa nini?

Wengi wao walikuwa wakulima na mabaharia wa Mto Nile huko Kaskazini, Wadanagla na Washaigiya, ambao kodi za serikali ya Waturuki ziliwafukuza mashambani. Walikuja Kusini kutafuta riziki, kama wengi wetu tunavyohama leo. Lakini tajiri hakupenda kuwalipa fedha taslimu. Sehemu kubwa ya mshahara wao ililipwa kwa ng'ombe na kwa watumwa. Kwa hiyo mtumishi aliyetaka mshahara wake ilimpasa kwanza aende kuuteka kijijini kwa mtu mwingine. Tajiri hakutoa chochote mfukoni. Maskini wa Kaskazini alilipwa kwa mtoto wa maskini wa Kusini.

Wala haikuishia hapo. Tajiri alifanya urafiki na mtemi mmoja, akampa bunduki chache za kumsindikiza, wakaenda pamoja kumvamia jirani yake. Usiku walizingira kijiji, wakakichoma, wakaswaga ng'ombe na wanawake na watoto. Mtemi yule alipata fungu lake la ng'ombe. Ng'ombe wengine walibadilishwa kwa pembe za ndovu. Ndugu wa mateka walipokuja kuomba watu wao, waliambiwa walete pembe. Mwaka uliofuata urafiki ulihamia kwa mwingine, na mtemi wa jana akawa windo la leo. Wavulana waliotekwa walilelewa ndani ya zariba, wakapewa bunduki, wakaitwa bazinger, wakatumwa kuteka wavulana wengine.

Basi kijana wangu, wewe uliyeuliza, jibu la kwanza ni hilo. Dhambi kubwa ni ya serikali iliyofungua njia na ya matajiri waliopata faida. Hilo nalisema wazi, na sitaki mtu yeyote alifunike. Lakini kazi yenyewe ilifanywa na mikono ya maskini, wengine wa mbali na wengine wa jirani, kila mmoja akilipwa kwa kile alichonyang'anywa mwenzake. Ndiyo maana makovu yake hayakuachwa kati ya Kaskazini na Kusini tu. Yaliachwa pia kati ya kijiji na kijiji.

PAMBA INAYOTUUNGANISHA NA MAREKANI

Mtu ataniuliza, kama ni hivyo, kwa nini tulikuwa tukisoma habari za Marekani? Kwa sababu historia ile na hii zimefungwa kwa uzi mmoja, nao ni uzi wa pamba.

Huko Marekani, baada ya 1793 kupatikana mashine ya kutenga mbegu na nyuzi, mabwanyenye wa kusini walitaka pamba zaidi na zaidi. Pamba huchosha ardhi. Wakaitazama ardhi ya magharibi. Lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe, mataifa kama Wacherokee, Wacreek na Wachoctaw. Sheria ya mwaka 1830 ikatumiwa kuwahamisha kwa nguvu. Nyuma yao wakapelekwa watumwa, karibu milioni moja kati ya mwaka 1790 na 1860, kutoka majimbo ya zamani mpaka Alabama, Mississippi, Louisiana na Texas. Mume aliuzwa huku, mke kule. Ilipofika 1860 watumwa walikuwa karibu milioni 4.

Kila nchi ile ilipopanuka, swali lilirudi: je, jimbo jipya litakuwa la watumwa au la watu huru? Walipatana 1820. Mwaka 1854 mapatano yakavunjwa, na katika Kansas wakaanza kuuana. Mwaka 1861 taifa zima likaingia vitani, na kufikia 1865 walikuwa wamekufa watu zaidi ya laki sita.

Sasa tazama jambo ambalo sisi wafanyakazi lazima tulitazame. Familia nyingi za Wazungu wa kusini hazikuwa na mtumwa hata mmoja. Walikuwa wakulima wadogo. Mashamba makubwa yaliwabana, na kazi ya bure ya mtumwa iliushusha ujira wao. Hata hivyo walikwenda kwa maelfu kufa kwa ajili ya mali ya bwanyenye. Walilipwa nini? Walilipwa rangi. Waliambiwa: hata ukiwa maskini, yuko aliye chini yako. Tena waliahidiwa ardhi ya magharibi, ambayo ilikuwa ya mtu mwingine. Ni ujira wa zariba ule ule.

Hata baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1865, vyama vingi vya wafanyakazi vya Wazungu viliwafungia mlango watu weusi. Mabepari hawakusumbuka. Wazungu walipogoma, waliingizwa weusi wenye njaa. Weusi walipodai haki, waliogopeshwa kwa Wazungu. Wahudumu weusi wa treni za kulala wa kampuni ya Pullman ilibidi waunde chama chao mwaka 1925, chini ya A. Philip Randolph, na ikawachukua miaka 12 kuipata mikataba yao.

Uzi wa pamba ulifikaje kwetu? Vita ile ilipoanza, merikebu za kaskazini ya Marekani zilifunga bandari za kusini. Viwanda vya Uingereza vikakosa pamba, vikaikimbilia Misri. Bei ikapanda sana. Wakulima wa Misri walipopata fedha, watumwa weusi kutoka Sudan walinunuliwa wakatiwa katika mashamba ya pamba. Ismail, aliyeshika utawala wa Misri mwaka 1863, alijiona tajiri, akakopa Ulaya bila kiasi, akataka dola kubwa. Mwaka 1869 alimwajiri Mwingereza Samuel Baker, na tarehe 26 Mei 1871 Baker akatweka bendera ya Misri pale Gondokoro, akapaita Ismailia. Alisema amekuja kukomesha biashara ya watumwa. Lakini askari wake walipokosa chakula, waliwanyang'anya Wabari ng'ombe na nafaka. Wabari wengi hawakuona tofauti kati ya mkombozi huyo na wale waliotangulia.

Liko na hili. Baada ya vita yao kwisha, maofisa kadhaa wa Marekani, waliokuwa jeshi la kaskazini na waliokuwa jeshi la kusini, waliajiriwa na Ismail. Mmoja wao, Charles Chaillé-Long, alipita Gondokoro mwaka 1874 akiwa safarini kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Wale waliopigana kwao juu ya utumwa walipokea mshahara mmoja Cairo. Tajiri akitaka kuunganisha watu wake, anajua namna ya kuwaunganisha. Sisi ndio tunaoambiwa kwamba hatuwezi kuungana.

LUGHA ILIYOZALIWA NDANI YA MIIBA

Lakini, ndugu zangu, zariba haikuzaa uchungu peke yake. Ndani ya boma lile na katika kambi za askari walitupwa pamoja watu wa lugha nyingi. Ilibidi waelewane, wakatengeneza lugha. Kiarabu cha Juba, tunachotumia sokoni Konyo Konyo, gereji na kanisani, mizizi yake iko huko. Bwana alihitaji lugha ya kutolea amri. Mateka walihitaji lugha ya kuambiana maji yako wapi na nani mgonjwa. Lugha ya mateka ndiyo iliyodumu.

Baadhi ya askari hao, waliobaki Ikweta baada ya Emin Pasha kuondoka mwaka 1889, walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 kwenda Uganda. Wao na wenzao ndio asili ya Wanubi wa Uganda na Kenya. Kibera ya Nairobi ilianza kama makazi ya askari hao wa Kisudani waliotumikia Waingereza. Mkenya anayecheka Kiarabu chetu kibovu afahamu kwamba binamu yake ametembea naye mjini kwao kwa zaidi ya miaka mia.

Na Kiswahili je? Nacho kilikuwa pwani kwa karne nyingi, lakini kilisafiri bara mpaka Tabora, Ujiji na Manyema pamoja na misafara ya pembe na watumwa, kama ile ya Tippu Tip. Wapagazi walikibeba pamoja na mizigo. Baadaye wafanyakazi wa bandari ya Mombasa na Dar es Salaam walikitumia kugomea ujira mdogo. Basi lugha zetu mbili hapa Juba zimepita njia ya damu, na wafanyakazi wamezigeuza kuwa zao. Watu waliweza kuigeuza lugha ya amri kuwa lugha ya undugu, nasi tunaweza kuigeuza desturi ya kazi.

MPAKA HAUKUONDOA MIIBA

Waingereza walipoitwaa Sudan mwaka 1898 walisema wamekuja kufuta utumwa. Lakini huko Kaskazini waliuvumilia utumwa wa majumbani kwa miaka mingi, na Kusini wakaifunga kwa sheria ya mwaka 1922, wakaiacha bila shule za kutosha wala viwanda. Kiwanda kikubwa cha kwanza walichojenga kwetu, katika miaka ya 1940, kilikuwa tena cha pamba, huko Nzara katika nchi ya Azande. Maelfu ya familia yalihamishwa kwa amri yakapangwa kando ya barabara ili yalime. Mwezi Julai 1955 kiwanda kiliachisha kazi wafanyakazi kama 300. Waliandamana. Wakapigwa risasi, na baadhi yao wakafa. Majuma matatu baadaye, tarehe 18 Agosti 1955, askari wa Torit wakaasi. Vitabu vingi huanza vita vyetu na bunduki za Torit. Mimi, kama mtu wa chama cha wafanyakazi, naanza na barua za kuachishwa kazi za Nzara.

Katika vita ya 1983 mpaka 2005 utekaji ulirudi. Wanamgambo waliopewa silaha na serikali ya Khartoum walishuka Bahr el Ghazal kwa farasi, wakachoma vijiji na kuchukua wanawake na watoto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 uliorodhesha majina ya watu zaidi ya 11,000 waliotekwa. Na wale wanamgambo walilipwa nini? Walilipwa kile walichoteka. Zariba tena.

Tarehe 9 Julai 2011 tulipandisha bendera yetu. Hatukuwa tena watu wa kuitwa abid, yaani watumwa, katika nchi ya wengine. Nililia siku ile, na sioni haya kusema. Tulidhani miiba yote imebaki upande wa pili wa mpaka. Desemba 2013, hapa hapa Juba, watu walisimamishwa njiani wakaulizwa lugha ya mama zao, na jibu likawa uzima au mauti. Vijana walipewa bunduki badala ya mshahara, wakaambiwa ng'ombe wa jirani ndio malipo. Hakuna Mturuki aliyekuwapo, wala Zubeir.

HABARI YA KAZINI

Sasa niseme jambo dogo la kazini, maana chama chetu hakiwezi kumaliza vita, lakini kazini kinaweza kufanya kitu.

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye jengo moja mjini. Mafundi waashi walikuwa Waganda na Wakongo, vibarua wa zege na matofali walikuwa wenyeji. Mshahara ulikuwa umechelewa miezi mitatu. Vibarua walikuwa wameshika mabeleshi, wako tayari kuwapiga mafundi. Nyapara alikuwa amewaambia: fedha yenu imeliwa na wageni, wanalipwa dola. Mafundi nao waliambiwa na nyapara huyo huyo: mkidai, wenyeji watachukua nafasi zenu, na vibali vyenu tunajua vilivyo. Mwezi Septemba 2014 Wizara ya Kazi ilikuwa imewahi kutoa amri ya kuachisha wageni kazi, ikalegezwa baada ya siku chache. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa na msingi.

Tuliketi chini ya mwembe. Nilisema kwa Kiarabu cha Juba, fundi mmoja Mkongo akafasiri kwa Kiswahili. Niliomba kila mtu aseme kwa sauti amelipwa nini na lini. Kwanza walisitasita. Halafu fundi mmoja alitoa daftari lake. Miezi mitatu, sufuri. Kibarua akatoa lake. Miezi mitatu, sufuri. Aliyelipwa alikuwa nyapara, na tena alikuwa akikata kitu katika ujira wa siku wa kila kibarua aliyemwingiza, na wote aliowaingiza walikuwa wa kwao. Aliwalinda watu wa kwao kwa kuwala.

Siku ile mabeleshi yaliwekwa chini. Kazi ilisimama siku nne, watu wote kwa pamoja. Miezi miwili ililipwa. Wa tatu haukulipwa mpaka leo, na watu wanne hawakuitwa tena kazini. Kwa hiyo sisemi tulishinda. Nasema tu kwamba hakuna aliyelipwa kwa jasho la mwenzake, na hakuna aliyepigwa.

TUFANYE NINI

Kwanza, tukatae desturi ya nyapara kuleta kikosi cha lugha moja. Majina ya wanaotafuta kazi yaandikwe na kamati ya wafanyakazi, na yaitwe kwa zamu.

Pili, orodha ya malipo isomwe hadharani mbele ya wote. Siri ya mshahara humsaidia tajiri peke yake.

Tatu, mikutano yetu ifanywe kwa lugha mbili, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, na kila tawi liwe na mfasiri. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Matajiri wameshaitumia jumuiya hiyo. Wafanyakazi nao waitumie.

Nne, neno la kumwita mtu mtumwa, au la kumtukana kwa kabila lake au nchi yake, lihesabiwe kuwa kosa la kuitwa mbele ya kamati, liwe limesemwa kwa hasira au kwa mzaha.

Wako watakaosema kwamba kwa kukumbusha mikono ya maskini nawatetea wenye makosa. Hapana. Tajiri wa zariba tunamjua, wala hatumsahau. Lakini tajiri bila mikono ya kumtekea ni mtu mmoja tu mwenye merikebu. Nguvu yake ilikuwa katika kutulipa sisi kwa sisi. Siku tutakapokataa malipo hayo, boma lake litabaki miiba mikavu.

Kijana wangu wa Bahr el Ghazal, umeuliza faida ilikwenda kwa nani. Ilikwenda Khartoum, Cairo na Ulaya. Lakini punje chache ziliachwa zianguke hapa, ili tuzigombanie. Bado tunazigombania. Njoo Alhamisi darasani, uje na daftari lako la mishahara, na umlete yule fundi Mganda mnayefanya naye kazi.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Wenu katika kazi,
Mwandalizi wa matawi, Juba